BIFU LA MZEE WA KUWASHA KOMPYUTA: AKARABATIWE AU APUMZISHWE?

Leo mniwie radhi, sina umbea wa msanii. Nina bifu lingine kabisa. Limegawa marafiki, limefanya watu waache kazi za kujitolea walizozipenda, na kuna jamaa mmoja aliandika hadharani kwamba watu wanachangishana hela wamkodie muuaji. Chanzo chake? Kijiprogramu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona, kile kinachoanza kazi ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, kabla hata picha haijatokea kwenye kioo.

Mimi hili bifu liliingia mpaka mfukoni kwangu, ndiyo maana naliandika. Nianze hapo.

Mwaka niliomaliza fomu foo nilipata kibarua kwenye steshenari moja. Kazi zile zile, kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Chini ya meza kulikuwa na kompyuta ya kizamani, ndiyo inayoshika printa na mafaili yote ya ofisi. Ilikuwa inatumia Debian ya zamani, imewekwa na fundi mmoja ambaye alishahama mji. Umeme ukikatika ukarudi, mashine inaamka taratibu mpaka wateja wanahamia duka la jirani. Ukimlalamikia bosi anakujibu, "Dogo, inafanya kazi, usiiguse."

Mimi na ujuzi wangu wa kuangalia video, nikaigusa. Jumapili moja nikaipandisha toleo jipya. Ikaamka chap, nikajiona mwamba. Jumatatu asubuhi printa haijibu. Foleni mpaka barazani, watu wana fomu zinazofungwa siku hiyo hiyo, mama mmoja amekuja na mtoto mgongoni ananiangalia tu. Nilikuja kugundua jioni. Yule fundi aliandika kiskripti chake mwenyewe cha kuunganisha printa, na kwenye mfumo wa zamani kilikuwa kinaitwa mwisho kabisa, baada ya kila kitu kuwa tayari. Mfumo mpya hauna habari na foleni. Uliita vyote kwa pamoja, kiskripti kikakuta mtandao haujaamka, kikafeli kimya kimya. Bosi akanikata posho ya wiki.

Nilikasirika, nikaanza kusoma kujua nimekosea wapi. Ndiyo nikakuta kwamba swali langu na bosi, tuguse au tusiguse, lilishawapiganisha mafundi wa dunia nzima.

MTU NAMBA MOJA NI NANI?

Ukiwasha kompyuta inayotumia Linux, kiini cha mfumo, ambacho mafundi wanakiita kerneli, kinaamka kwanza. Kikishaamka kinawasha programu moja tu, halafu hiyo ndiyo inawasha nyingine zote. Jina lake la asili ni init, na inapewa namba 1. Ni kama mratibu wa harusi: yeye ndiye anajua mapambo yaingie lini, mziki uanze saa ngapi, wapishi waambiwe nini. Programu yoyote ikifiwa na mzazi wake, namba 1 anairithi. Na namba 1 mwenyewe akifa, kerneli inasimamisha kila kitu. Harusi imeisha, nendeni nyumbani.

Init ni ya zamani kweli. Ilikuwepo tangu Unix ya mwanzo kabisa, ile ya Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1983 kampuni ya AT&T ikatoa Unix inayoitwa System V, na mtindo wake wa kuwasha ndio uliokuja kutawala. Linux ilipozaliwa 1991, matoleo yake mengi yakachukua mtindo huo huo. Mafundi wanauita sysvinit. Mimi hapa nitamuita Mzee.

MZEE ALIFANYAJE KAZI?

Mzee alikuwa na folda lililojaa skripti, kila huduma na skripti yake: ya mtandao, ya printa, ya saa, ya hifadhidata. Pembeni kuna folda nyingine zenye vielekezi vya kwenda kwenye hizo skripti, kila kimoja kimeanza na herufi na namba mbili. S maana yake washa, K maana yake zima. S10 inatangulia S20, S20 inatangulia S99. Mzee anaita wa kwanza, anasubiri amalize, anaita wa pili, anasubiri. Mpaka mwisho.

Uzuri wake ni kwamba kila kitu unakiona. Kitu kikigoma unafungua skripti kwa programu yoyote ya kuandikia, unasoma mstari kwa mstari, unarekebisha. Kijana asiye na cheti kama mimi anaweza kujifunza Mzee kwa wiki mbili. Hilo msilichukulie poa, watu wengi walipata ajira kwa sababu ya hilo.

Ubaya wake ulikuwa mitatu.

Kwanza, foleni. Huduma moja ikichelewa, wote nyuma wanasubiri hata kama hawamhitaji. Zamani seva inawashwa mara moja kwa mwaka, nani anajali? Zikaja kompyuta za mkononi, watu wanawasha na kuzima mara nne kwa siku.

Pili, Mzee alizaliwa enzi ambazo vifaa vilivyokuwepo wakati wa kuwasha ndivyo vitakavyokuwepo mpaka wakati wa kuzima. Flashi ya kuchomekwa saa nane mchana, Wi-Fi inayopotea na kurudi, hivyo havikuwepo kwenye ratiba yake.

Tatu, na hapa ndipo penye mzizi wa kila kitu, Mzee alikuwa hajui aliowawasha kama bado wako hai. Alikuwa na uwezo wa kufufua vitu vichache vilivyoandikwa kwenye faili lake maalumu, lakini huduma zilizowashwa na skripti, hapana. Skripti ikishamaliza kazi, yeye amemaliza naye. Huduma nyingi zilikuwa zinaandika namba zao kwenye kifaili ili baadaye zijulikane. Sasa huduma ikifa ghafla, kifaili kinabaki. Ile namba inaweza ikaja kupewa programu nyingine kabisa. Ukija kusema "zima huduma fulani", unaweza ukamzima asiyehusika. Kila mwandishi wa skripti alikuwa anazuia hilo kwa njia yake, wengine vizuri, wengine ovyo.

TIMU KARABATI

Watu wa kumtetea Mzee hawakuwa wavivu kama wanavyochorwa. Walifanya kazi.

Walianza na zile namba. Badala ya kubahatisha S20 au S35, wakaweka maelezo juu ya kila skripti: mimi nahitaji mtandao, mimi nahitaji diski iwe tayari. Programu pembeni inasoma maelezo yale na kupanga foleni yenyewe. Yasiyotegemeana yanawashwa kwa pamoja. Debian walilifanya hilo kuwa la kawaida kwenye toleo la 6.0, Februari 2011. Watu wa Gentoo nao wakawa na OpenRC, inayoweza kukaa juu ya Mzee na kumpangia kazi kwa akili zaidi.

Kwa hiyo mtu akikuambia Mzee asingeweza kuharakishwa, anakudanganya. Aliharakishwa.

Kilichogoma ni lile la tatu. Unaweza ukampangia Mzee foleni vizuri kiasi gani, bado hajui nani hai na nani amekufa, maana hakutengenezwa kujua. Ukitaka ajue, unamuandika upya. Na ukimuandika upya, huyo ni Mzee tena au ni mtu mwingine amevaa kanzu yake?

TIMU BOMOA

Wenzetu wengine walishabomoa mapema. Mwaka 2005 Solaris 10 ilikuja na msimamizi mpya wa huduma, na mwaka huo huo Apple wakatoa launchd kwenye Mac OS X 10.4. Kwenye Linux, Ubuntu ndio waliofungua njia. Oktoba 2006 toleo la 6.10 likaja na Upstart. Huyu alikuwa mpole: alifuata matukio, kama kifaa kimechomekwa au mtandao umepatikana, lakini skripti za Mzee aliendelea kuzisoma. Fedora wakamchukua 2008, Red Hat wakamweka kwenye toleo lao la 6 mwaka 2010. Ilionekana kama mchezo umeisha.

Tarehe 30 Aprili 2010 Mjerumani mmoja, Lennart Poettering, mfanyakazi wa Red Hat, akaandika posti ndefu kwenye blogu yake kuhusu kufikiria upya namba 1. Yeye na mwenzake walikuwa wanatengeneza kitu kinaitwa systemd.

Kulikuwa na mawazo mawili makubwa pale. La kwanza alikiri kabisa kwamba amelitoa kwa Apple. Badala ya kuwasha huduma moja na kusubiri, fungua milango yote kwanza. Anayebisha hodi kabla mwenye nyumba hajaamka, ujumbe wake unatunzwa na kerneli mpaka mwenyewe aamke. Hakuna haja ya kupanga foleni kwa mkono, foleni inajipanga.

La pili lilikuwa dawa ya ule ubaya wa tatu. Tangu mwanzoni mwa 2008 kerneli ya Linux ilikuwa na uwezo wa kuweka programu kwenye vikundi. systemd inaweka kila huduma kwenye kikundi chake, na watoto na wajukuu wa hiyo huduma wote wanabaki humo. Hakuna wa kutoroka, hakuna wa kuzimwa kimakosa. Ukiuliza nani hai, unajibiwa.

Na ile skripti ya mistari mia moja ikawa faili fupi la mistari kama kumi: jina, nini kiwashwe, kinahitaji nini, kikifa kifufuliwe au la.

Fedora 15 wakaichukua Mei 2011. openSUSE wakafuata mwaka huo huo, Arch mwaka 2012.

SASA BIFU LILITOKA WAPI?

Rudini kwenye harusi. Umeajiri mratibu mpya. Mzuri, ana haraka, anajua wageni wote. Wiki ya pili anasema mziki nitashika mimi. Ya tatu anasema kitabu cha wageni nitaandika mimi, tena kwa hati ninayoijua mimi. Ya nne, mlinzi wa getini naye ni wa kwangu. Harusi inakwenda freshi lakini unaanza kujiuliza, hivi nikitaka kumuacha huyu, nabaki na nani?

Ndicho kilichotokea. systemd ilianza kama namba 1, ikaongeza utunzaji wa kumbukumbu za mfumo, usimamizi wa watu wanaoingia, saa, mpaka mtandao. Kumbukumbu zikawa kwenye muundo ambao huwezi kuusoma kwa programu za kawaida za maandishi, na wakongwe wa Unix waliolelewa kuamini kwamba programu moja ifanye kazi moja wakaona ni dharau. Halafu inafanya kazi kwenye Linux tu, wakati Debian walikuwa na matoleo yanayotumia kerneli nyingine. Na ilipofika 2013, GNOME, ambayo ndiyo sura ya kompyuta nyingi za Linux, ilikuwa inategemea kipande cha systemd kwa baadhi ya kazi zake. Ukiitaka sura, mchukue na mratibu.

Debian ndio walikuwa uwanja wa fainali, kwa sababu matoleo mengi yanatoka kwao, Ubuntu wakiwemo. Swali likapelekwa kwa kamati yao ya ufundi mwishoni mwa 2013. Wajumbe 8. Mabishano yakaenda miezi, yote hadharani, unaweza kuyasoma mpaka leo. Kura zikagawanyika nne kwa nne, na tarehe 11 Februari 2014 mwenyekiti akatumia kura yake ya turufu. systemd ikapita.

Hapa ndipo nataka mtulie, maana watu wengi wanalisimulia vibaya. Ile nne kwa nne haikuwa kati ya Mzee na systemd. Ilikuwa kati ya Upstart na systemd. Mzee alikuwepo kwenye karatasi ya kura, lakini kati ya wale wajumbe 8 hakuna aliyemuweka wa kwanza. Hata waliokuja kuipinga systemd kwa nguvu zote walikuwa wamemchagua mgeni mwingine. Swali la kukarabati au kubomoa lilishaisha kimya kimya kabla kura hazijapigwa. Kilichobaki ni nani ashike nafasi, na atashika kiasi gani.

Siku tatu baadaye, tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, mwanzilishi wa Ubuntu akaandika kwamba wameshindwa na watafuata Debian. Upstart, mtoto wao wenyewe, akaachwa siku ya Valentaini. Aprili 2015 Ubuntu 15.04 ikatoka na systemd.

MACHUNGU

Mshindi hakupumzika. Aprili 2014 Linus Torvalds, baba wa Linux, alichukizwa na namna kigogo mmoja wa systemd alivyojibu malalamiko ya hitilafu, akatangaza hatapokea msimbo wake kwenye kerneli mpaka ajirekebishe. Oktoba mwaka huo Poettering ndiye aliyeandika lile la watu kuchangishana Bitcoin wamkodie muuaji. Kwa ajili ya programu ya kuwasha kompyuta, jamani.

Novemba 2014 Debian wakapiga kura nyingine ya wanachama wote, na wajumbe watatu wa ile kamati ya ufundi wakaachia nafasi zao mwezi huo huo. Kundi lingine likajitenga likaanzisha Devuan, yaani Debian bila systemd. Toleo lao la kwanza kamili lilitoka 2017, na bado wapo.

Mwaka 2016 systemd ikabadilisha tabia yake ya kawaida: ukitoka kwenye akaunti yako, programu zako zote zinazimwa. Kuna watu kazi yao yote ni kuacha programu zikiendelea usiku kwenye seva za mbali wakaenda kulala. Tabia waliyoizoea miaka nenda rudi, mtu mmoja akaigeuza. Matoleo kadhaa yakalazimika kuizima hiyo tabia wenyewe.

Desemba 2019 Debian wakapiga kura tena. Matokeo: systemd ndiyo ya kuzingatiwa, anayetaka kujaribu njia nyingine aungwe mkono. Poettering mwenyewe alihamia Microsoft mwaka 2022. Na Mzee hajafa. Slackware wanatumia mtindo wa kizamani mpaka leo, na Alpine wako na OpenRC. Simu yako ya Android nayo ina kerneli ya Linux, lakini namba 1 wake ni wa kwake mwenyewe, siyo Mzee wala systemd.

MIMI NASIMAMA WAPI

Nilipoanza kusoma nilitaka kumpa bosi wangu haki. Inafanya kazi, usiiguse. Nikamaliza naona hapana. Mzee alionekana hana shida kwa sababu shida zake zilikuwa zimegawanywa kwa watu mia wasioonekana, kila mmoja anaandika skripti yake, anaziba tundu lile lile kwa kiraka chake. Yule fundi aliyehama mji alikuwa mmoja wao. Kiskripti chake kilifanya kazi kwa sababu tu aliwekwa wa mwisho kwenye foleni. Hakuandika popote kwamba anahitaji mtandao, maana hakuna aliyemuuliza. Hapo unakarabati nini? Mfumo mpya ulikuwa sahihi kuuliza.

Ila mfumo mpya haukuuliza kwa sauti. Ulikiacha kifeli kimya, na aliyelipa siyo aliyeutengeneza. Alilipa yule mama mwenye fomu, nikalipa mimi. Ndiyo maana siwacheki Devuan. Walichokuwa wanasema, ukiondoa matusi, ni kwamba anayebomoa nyumba anayoishi mtu mwingine ana deni kwake, na kusema "mpya ni bora" hakulipi hilo deni hata kama ni kweli.

Jumanne asubuhi niliandika faili langu la kwanza la systemd. Mistari tisa. Mmoja wapo unasema huduma hii isubiri mtandao. Printa ikaamka. Halafu nikafanya kitu ambacho yule fundi hakukifanya: nikachukua daftari la ofisi, nikaandika kwa Kiswahili kile kifaili kinafanya nini, kiko wapi, na namba yangu ya simu. Nilishaacha kazi pale. Mwaka jana dogo aliyenirithi alinipigia, anataka kuipandisha mashine toleo jipya. Tukakaa kwenye simu dakika arobaini, Jumapili, duka limefungwa.

Haya wadau, ofisini kwenu kuna kitu gani kinafanya kazi na hakuna anayejua kwa nini? Mngekigusa? Tupieni komenti hapo chini, na matusi ya bifu la 2014 muyaache huko huko.